Anzia kwenye ndoo: kuendesha nyumba yenye watoto kwenye vilima vya Mwanza

Nikisimama mlangoni kwangu huku Igogo juu, naliona ziwa lote limetandazwa chini kama kanga mpya. Mitumbwi naiona, meli ikitoka bandarini naiona. Nikigeuka nikafungua bomba, linakohoa mara mbili, linatema hewa, basi. Anayeishi kwenye mawe ya mji huu ananielewa. Maji yapo, tena mengi, ila yako chini na sisi tuko juu, na presha ikipanda mlima huchoka kabla ya kutufikia. Wengine tunapata usiku wa manane, tena kwa zamu.

Ndani tuko saba. Mimi, baba watoto ambaye nusu ya mwezi yuko Ukerewe na biashara yake ya dagaa, watoto wanne, na mdogo wangu wa kike anayesoma chuo. Kifungua mimba yuko kidato cha pili, kitinda mimba ndiyo kwanza ana miaka miwili. Kwa muda mrefu nilidhani nyumba yangu ina kelele kwa sababu watoto ni watundu. Siku moja nikaamua kufuatilia ugomvi wa asubuhi hiyo mpaka ulikoanzia. Mtoto kachelewa shule. Kwa nini? Uji ulichelewa. Kwa nini? Sufuria ilikuwa chafu. Kwa nini? Jana jioni maji yaliisha. Nikafuatilia ugomvi wa kesho yake, nao ukaishia kwenye ndoo tupu.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na malezi wala ratiba ya masomo. Unaanza na maji.

Hatua ya kwanza: hesabu ndoo zako

Kwa siku tatu, kila ndoo ya lita 20 inayotumika, mtu achore mstari ukutani kwa chaki. Usikadirie kichwani, utajidanganya. Mimi nilidhani tunatumia ndoo tano, chaki ikasema nane: kupika na kunywa ndoo moja na nusu, vyombo moja, kuoga tatu na nusu, choo mbili. Hizo ni lita 160 kwa siku, kufua hakumo. Siku ya kufua inaongezeka ndoo sita.

Sasa angalia bomba lako linakaa kavu siku ngapi kwa mfululizo zikiwa nyingi kabisa. Kwetu ni nne. Nane mara nne ni ndoo 32, ongeza sita za kufua, zinakuwa 38, yaani lita 760. Kwa hesabu hiyo simtanki la lita 1,000 linatutosha na akiba inabaki. Kabla ya chaki nilikuwa nataka kukopa kikoba ninunue la lita 2,000, ambalo kwanza lisingepita kwenye kichochoro chetu.

Kama simtanki bado, majaba sita ya lita 120 yanakaribia hesabu hiyo, na unaweza kuyanunua moja moja. Muhimu yawe na mifuniko. Na kama unaweka simtanki, usilitue juu ya jiwe hivi hivi kwa sababu tu jiwe linaonekana bapa. Mita moja ya maji ya ujazo ina uzito wa tani moja. Sawazisha kwa zege kwanza, la sivyo litalala upande mmoja na koki itakatika.

Kisha vipe vyombo majina. Kwetu ndoo ya bluu yenye koki ni ya kunywa na hakuna kopo linalozamishwa humo. Nyeupe ni ya kupikia. Nyekundu ni ya choo, na haiingii jikoni hata kama dunia inaungua. Nilitumia rangi kwa sababu mtoto wa miaka mitatu hasomi, lakini ukimwambia "nyekundu" anaelewa. Rangi zikishazoeleka, utakuta wanakemeana wenyewe.

Maji ya kunywa tunachemsha, ya bomba hata ya boza, lile gari la maji. Yatokote kabisa, si yatoe moshi tu. Ukitumia vidonge vya kutibu maji, soma karatasi yake na usubiri muda ulioandikwa, maana wengi wetu tunatumbukiza kidonge na kuchota hapo hapo. Na siku ikikulazimu kuchota ziwani kwa ajili ya kuogea, yafunike uyaache siku mbili. Vijidudu vya kichocho vikikosa ngozi ya kuingia hufa katika muda huo. Vya kipindupindu na taifodi haviondoki kwa kusubiri, kwa hiyo hayo si ya kunywa mpaka yachemke.

Sasa neno moja kwa mwenye mtoto anayetambaa au anayejifunza kutembea. Ndoo iliyo wazi, hata ikiwa na maji robo, inaweza kumuua. Kichwa chake kina uzito kuliko miguu. Akichungulia akaingia hawezi kujitoa, wala hapigi kelele. Ndoo ifunikwe au imwagwe, hakuna "nakuja sasa hivi."

Na bomba lifungwe. Hili nimelilipia. Mwaka juzi nilifungua bomba jioni kuona kama maji yapo, hayakuwepo, nikaenda kupika. Yakaja saa nane usiku. Ndoo ikajaa, ikafurika, maji yakapita uani, yakashuka ngazi za mawe, yakaingia kwa jirani wa chini mpaka uvunguni mwa kitanda alipokuwa ameweka gunia la mchele. Aligonga mlango akiwa amejifunga khanga, hakupiga kelele, alisema tu, "Dada, bomba lako." Nilinunua mchele mwingine. Tangu hapo mtu akifungua bomba likawa kavu, analifunga kabla hajaachia mkono, na anayesubiri maji ya usiku anaweka sufuria tupu ya bati chini ya bomba. Tone la kwanza likidondoka, utaamka.

Maji yakitumika mara moja hayajaisha kazi. Ya kusuuza nguo yanaenda choo. Ya kuoshea mchicha yanaenda kwenye matembele niliyopanda kati ya mawe mawili, na hayo matembele tunayachuma mwaka mzima.

Hatua ya pili: asubuhi ifanyike usiku

Saa kumi na moja na nusu alfajiri hakuna mtu mwenye akili nyumbani kwangu, mimi nikiwemo. Kwa hiyo asubuhi hatuamui kitu. Kila kitu kimeamuliwa kabla ya saa tatu usiku.

Sare zimepigwa pasi na kutundikwa kwenye msumari wa mwenye nazo. Soksi zimo ndani ya viatu, viatu viko mlangoni vimepigwa kiwi. Begi limefungwa, na humo kuna daftari lililosainiwa kama mwalimu alitaka saini. Nauli ya daladala ya mkubwa imehesabiwa, imo kwenye mfuko wa shati, sarafu kwa sarafu, kwa sababu alfajiri kutafuta chenji ya elfu kumi ni kugombana na mwenye duka. Chupa ya chai imejazwa maji ya moto. Unga wa uji umekorogwa kwenye bakuli na kufunikwa.

Kwa nini soksi ndani ya viatu? Kwa sababu wa pili wangu, wa darasa la sita, alikuwa na kipaji cha kupoteza soksi moja. Si mbili, moja. Siku moja tulimtafutia watu watano, taa ya simu imewashwa maana umeme ulikuwa umekatika, tukaipata imevaliwa na kitinda mimba mkononi kama glavu, amelala nayo. Tulicheka, lakini mtoto alifika shule wenzake wakiwa wameshatoka mstarini.

Luku ihakikishwe usiku huo huo. Mimi nikiona uniti kumi nanunua, kwa sababu umeme ukiisha usiku wa manane mtandao wa simu nao huwa na vijimambo vyake. Tochi ina mahali pake, na mahali pake si kwenye droo ya wazazi.

Pasi ipigwe Jumapili kwa sare zote za wiki kama umeme upo. Ukisubiri Jumatano, Jumatano ndiyo siku utakayokatika.

Hatua ya tatu: gawa kazi, wavulana nao

Mtoto wa miaka minne anaweza kupeleka vikombe jikoni na kupanga viatu. Wa miaka saba anaosha vyombo vyake, anakunja shuka, anapanga sebule. Wa miaka kumi anafagia, anaosha vyombo vya wote kwa zamu, anachambua mchele. Wa miaka kumi na tatu anapika ugali, na kama hawezi ni kosa letu.

Kuchota maji kupanda mlima kunahitaji busara. Mtoto wa darasa la kwanza abebe kidumu cha lita tatu, wa darasa la tano lita tano au kumi. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, na ngazi zetu za mawe zinateleza mvua ikinyesha. Nimeona watoto wadogo wanapandishwa na ndoo hizo huku shingo zimezama mabegani, na baba mtu amekaa barazani anacheza bao.

Nikifika hapo nitamke jambo linaloniuma. Nimezaa wavulana wawili na wasichana wawili. Mama mkwe alipokuja mara ya kwanza akamkuta mjukuu wake wa kiume anaosha sufuria, alimnyang'anya. Sikubishana naye, ni mama yangu. Nilimpa sufuria nyingine ndogo mbele yake, nikamwambia, "Mama, huyu akienda kuanza maisha peke yake Geita au Dar, nani atamwoshea?" Akanyamaza kidogo, akasema kwa Kisukuma neno nisilolitafsiri hapa, kisha akacheka. Siku hizi akija yeye ndiye anayemtuma.

Ratiba iandikwe nyuma ya mlango wa jikoni, kwa chaki, majina na siku. Faida yake si nidhamu. Faida yake ni kwamba ugomvi unakuwa kati ya mtoto na mlango, si kati ya mtoto na wewe. "Mlango unasema leo nani?" Basi, yameisha.

Kama unamtegemea dada wa kazi, kaa naye siku ya kwanza mkubaliane mshahara, siku ya kupumzika, kazi zipi ni zake na zipi ni za watoto. Vyombo vya watoto wakubwa si vyake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14, kwa hiyo binti wa miaka kumi na miwili aliyeletwa kutoka kijijini "akusaidie saidie" mrudishe shule au umpeleke shule. Hakuna njia ya tatu.

Hatua ya nne: chakula cha wiki, na dagaa bila mchanga

Menyu yangu haina maajabu. Ugali siku nne, wali siku mbili, na siku moja mabaki yanapewa jina jipya. Mboga za majani kila siku. Maharage nachemsha mengi Jumapili na kuyagawa, kwa sababu mkaa unaoivisha kilo moja ya maharage unakaribia kuivisha mbili.

Ila dagaa ndiyo nguzo. Nunua kwa jumla, na ujue mwezi. Wavuvi wetu hutega dagaa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi, wengi wanapumzika. Kwa hiyo giza likiingia dagaa wanajaa na bei inalegea, mwezi ukiwa mpevu inapanda. Nenda Mwaloni, Kirumba, katikati ya giza, asubuhi, ununue wa mwezi mzima. Mume wangu anaishi kwa biashara hiyo na bado ananituma Mwaloni, eti dagaa wake ni wa mtaji.

Pale sokoni uliza waliokaushwa wapi. Wa kwenye chanja ni ghali kidogo, ni wasafi, wanang'aa. Wa mchangani ni nafuu, ila unanunua na ufukwe. Chukua kiganja kimoja, sugua taratibu, kisha fungua mkono uangalie vumbi lililobaki. Nusa. Dagaa mzuri ananukia samaki mkavu. Aliyenyeshewa ananukia uvundo na mwili wake una wekundu au ukungu, huyo mwache hata kama ni wa bure.

Kuwaosha kuna utaratibu. Toa vichwa kama watoto hawavipendi, uchungu wao uko kwenye vichwa na matumbo. Waweke kwenye beseni, mimina maji ya vuguvugu, si ya moto, maana ya moto yanawavunja na mchanga unaingia ndani ya nyama. Wakoroge kwa vidole kwa kuzungusha, kisha wainue kwa kiganja uwahamishie beseni la pili. Usimwage maji na dagaa pamoja, hapo ndipo wengi wanakosea: mchanga umeshatulia chini, wewe unaurudisha juu yao. Rudia mpaka chini ya beseni hakuna kitu. Wa chanja wanataka mara mbili, wa mchangani mara nne hata tano. Pitisha kidole kwenye kitako cha beseni, kikisikia chenga hata moja rudia, kwa sababu mtoto akisaga mchanga mara moja atakataa dagaa mwezi mzima. Wakaushe, wakaange mpaka walie wakigongana, ndipo uweke kitunguu na nyanya. Wengine wanaongeza karanga za kusaga. Kwetu karanga ni siku ya mshahara.

Sato mbichi wa kumlisha kila mtu siku hizi ni wa sikukuu. Mapanki, mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa viwandani, yanatoa supu nzuri ila kwa watoto wadogo yachuje, mifupa yake haina huruma.

Watoto wakirudi shule wana njaa ya kula meza. Kabla sijajua la kufanya walikuwa wananunua maandazi na visheti kwa mkopo kwenye genge, na deni nalisikia mwisho wa wiki. Sasa Jumamosi tunachemsha michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, tunachanganya na karanga, vinakaa kwenye bakuli la mfuniko. Matobolwa, viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakaushwa, hata hayataki kuchemshwa tena, mtoto anatafuna hivyo hivyo akielekea kwenye madaftari. Bibi zetu walivikausha kwa ajili ya njaa ya kiangazi. Mimi navitumia kwa njaa ya saa tisa alasiri.

Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya baridi, hata likionekana limekufa. Mtungi wa gesi ufungwe juu kwenye mtungi, si kwenye jiko tu. Mishikio ya sufuria ielekezwe ukutani.

Hatua ya tano: ziwa, mawe na mvua

Watoto wa Mwanza watacheza kwenye mawe upende usipende. Waonyeshe yapi yanaruhusiwa. Kwenye nyufa za mawe wapo pimbi, na wale mijusi wa bluu wenye kichwa chekundu kama wamepakwa rangi, hawana shida. Nyoka naye anazipenda nyufa hizo hizo. Kanuni yetu ni fupi: mkono hauingii mahali jicho halioni.

Ziwa ni habari nyingine. Kichocho kinaanzia kwa konokono wadogo wanaoishi kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Vijidudu vinatoka kwa konokono, hasa jua likiwaka, vinaogelea, vikikutana na ngozi vinaingia. Mtoto hahitaji kunywa. Kusimama tu akifua soksi ufukweni kunatosha. Aliyeambukizwa akijisaidia majini au kando yake, mayai yanarudi kwa konokono na mzunguko unaendelea. Kwa hiyo marufuku ya kwanza ni kuoga na kufulia ziwani kwenye majani, na ya pili ni kujisaidia huko. Ya pili watoto wanaisahau kwa sababu sisi wenyewe tunaiona aibu kuisema.

Dalili haziji siku hiyo. Mtoto analalamika tumbo mara kwa mara, anaharisha, damu inaonekana kwenye choo kikubwa, au kwenye mkojo, anachoka bila sababu. Mpeleke zahanati apimwe, dawa ipo na inafanya kazi. Shuleni nako dawa ya kichocho hugawiwa. Siku hiyo usimwache aende na chai ya rangi. Mpe uji mzito au kiporo cha ugali ashibe, kwa sababu dawa ile ikikuta tumbo tupu inamzungusha kichwa na kumtapisha, jioni mtaani utasikia kwamba watoto wamepewa sumu.

Homa isipimwe kwa kiganja. Huku kwetu malaria ipo mwaka mzima, mtoto akichemka apimwe siku hiyo hiyo, si baada ya kumaliza vidonge vya kwenye rafu. Neti zichomekwe chini ya godoro ifikapo saa kumi na mbili jioni, kabla mbu hajawatangulia ndani. Na mtoto mdogo anayevimba vidole vya mikono na miguu, anayelia maumivu ya viungo, macho yana umanjano, omba apimwe selimundu, yaani sikoseli. Kanda yetu ina watoto wengi wenye ugonjwa huo, na wengine wanatibiwa malaria miaka miwili kabla mtu hajauliza.

Mvua za huku hazina adabu. Ziwa linapika wingu usiku, alfajiri linamwagika lote. Mtoto anayepita Mto Mirongo au korongo lolote akienda shule aambiwe wazi: maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, havuki, anarudi nyumbani au anaingia duka la karibu, na hatachapwa kwa kuchelewa. Sehemu ya mwisho ndiyo muhimu. Watoto wengi huvuka kwa kuogopa fimbo kuliko maji. Zungumza na mwalimu wa darasa mapema ajue mpango wenu. Radi ikianza, watoke kwenye mawe ya juu na wasikae chini ya miti.

Hatua ya sita: Januari inaanza Septemba

Ada ya shule za serikali mpaka kidato cha nne ilifutwa mwaka 2016, lakini sare hazikufutwa, wala madaftari, wala kiatu kinachoishiwa soli kila muhula. Kwa watoto wanne, Januari ni mwezi wa kuomba samahani kwa watu unaowadai na wanaokudai.

Mimi naweka elfu kumi kila Jumamosi kuanzia Septemba. Kwa wiki 16 zinakuwa laki moja na sitini elfu. Haitoshi kila kitu, inatosha sare na viatu, na vilivyobaki vinabebeka. Niliweka kwenye kibubu cha mbao mwaka wa kwanza, tukakivunja Oktoba kwa ajili ya msiba. Sasa naiweka kwenye kikundi chetu cha akina mama, mhasibu wetu ana roho ngumu kuliko kibubu.

Sare nunua Novemba, kabla mafundi hawajaelemewa. Sketi na suruali zishonwe na pindo refu la ndani, utazishusha mara mbili. Begi la mkubwa likiwa zima lihamie kwa wa pili, ila kalamu na rula kila mtu apate mpya. Mtoto anahitaji kitu kimoja kisicho cha urithi.

Wapeni watoto wakubwa hesabu ya nyumba. Si yote, ya wiki moja tu. Wa kidato cha pili nilimkabidhi hela ya mboga ya siku saba, nikamwambia ikiisha Alhamisi tutakula ugali na chumvi. Iliisha Ijumaa mchana. Tulikula ugali na chumvi, na matembele ya kwenye mawe, na hajaniomba hela ya chipsi tangu siku ile bila kwanza kuuliza mchele umebaki kiasi gani.

Hatua ya saba: jioni, na wageni

Masomo yafanyike kabla ya giza, mezani au kwenye mkeka, wote pamoja, mkubwa akiwa karibu na wa darasa la pili. Runinga ni baada ya vyombo. Simu yangu inakaa juu ya kabati kuanzia saa mbili, nami sijifanyi sina hamu nayo. Saa tatu wadogo wamelala. Usiku huo ndio unaobeba ile asubuhi ya hatua ya pili.

Halafu wageni. Zamani ndugu wa Sengerema walisubiri kivuko Kigongo, mtu akituma ujumbe "nimefika kivukoni" unapata nafasi ya kufagia na kukopa kuku. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 2025 wanafika kabla ujumbe haujasomwa. Kwetu mgeni haulizwi anaondoka lini, kwa hiyo jipange kana kwamba atakaa: kilo mbili za mchele zisizoguswa, dagaa kwenye kopo lisilo la kila siku, jaba moja la maji lililojaa daima, na shuka safi. Mgeni akilala zaidi ya siku tatu jina lake linaingia nyuma ya mlango wa jikoni. Mjomba wangu wa Misungwi ndiye anayechambua mchele akija, na anadai ni kazi aliyochagua mwenyewe.

Godoro la ziada livalishe nailoni kabla ya shuka. Watoto wa wageni hukojoa kitandani usiku wa kwanza, ugenini ni ugenini, na kulipandisha godoro lililolowa mpaka kwenye jiwe lenye jua, kisha kulishusha kabla ya mvua ya alasiri, ni kazi ya watu wawili wenye mgongo mzima.